Msomaji Aliyekaa Nje ya Mlango

Hadithi hii niliipata kwa dada mmoja wa kwaya yetu, naye alitumiwa na mtu mwingine. Ni ya kutunga, kwa hiyo usiitafute katika historia ya kanisa. Lakini nimeisoma mara tatu wiki hii, nikaona nisibaki nayo peke yangu. Isome ukiwa umetulia, kisha umpe na mwenzako.

Wakati Kaisari wa Rumi alipotawala nchi za Afrika ya Kaskazini, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Tikaba. Katika mji huo palikuwa na kanisa la watu ishirini na watatu. Hawakuwa na jengo. Kila Jumapili asubuhi walikusanyika katika chumba kirefu cha Mzee Restuto, mkamuaji wa zeituni, wakaketi katikati ya mitungi ya mafuta. Mzee Restuto ndiye aliyewaongoza.

Msomaji wao alikuwa Gududi, mtengeneza ngozi. Alikuwa na mke na mabinti watatu. Mikono yake ilinuka ngozi mbichi siku zote, lakini alipofungua Maandiko na kuanza kusoma, hakuna aliyekumbuka harufu hiyo. Watu wazima waliacha kukohoa. Watoto waliacha kuchezea kanzu za mama zao.

Alikuwepo pia Kuartila, mjane wa miaka hamsini, mkunga wa mji. Nusu ya watu wa Tikaba walizaliwa mikononi mwake, Wakristo na wasio Wakristo. Hakuwa msemaji. Akiombwa kutoa neno kanisani, alitikisa kichwa na kumwachia aliyeketi jirani yake.

Siku moja amri ilifika kutoka kwa liwali. Kila mtu aende sokoni, atupe uvumba kidogo kwenye madhabahu ya Kaisari, aseme kwamba Kaisari ni mungu, kisha apewe cheti cha utii. Watu walipewa siku tano. Atakayekataa angepelekwa kwenye machimbo ya mawe, mwendo wa siku mbili kutoka pale, na wengi waliopelekwa huko hawakurudi.

Jumapili iliyofuata Gududi alisoma, akafunga kitabu, akawatazama wenzake.

"Ndugu zangu," alisema, "mkisikia kuna mtu wa kanisa hili amefukiza uvumba, mjue si mimi."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hakuwa anajigamba. Aliamini ndivyo atakavyofanya.

Siku ya tatu ya amri, askari wawili waliingia kwenye karakana yake. Mmoja alikuwa na orodha ya majina. Mwingine aliwaangalia wale mabinti watatu waliokuwa wakisugua ngozi pale uani, akauliza kila mmoja ana umri gani. Gududi akamjibu. Yule askari akatabasamu tu, wakaondoka.

Gududi aliosha mikono, akaenda sokoni, akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alitupa uvumba, akasema maneno yale, akapewa cheti.

Habari zilienea kabla ya saa sita mchana. Watu wa kanisa walipoambiwa, mwanzoni hawakuamini. Kisha wengine wakaanza kusema, "Kama Gududi ameshindwa, sisi ni nani?" Hadi kufika siku ya tano, watu kumi na mmoja wa kanisa lile walikuwa wamechukua vyeti. Wengine walikimbilia milimani. Watano tu walibaki mjini bila cheti, na Kuartila alikuwa mmoja wao.

Siku ya nne, Vitali, karani aliyeandika vyeti, alikwenda nyumbani kwa Kuartila. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na Kuartila ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa.

"Mama," alisema Vitali, "sikuja kukulazimisha kufukiza. Nitaandika tu jina lako. Hakuna atakayejua."

"Cheti kitasema nini?"

"Kitasema umefukiza uvumba mbele yangu."

"Nami nitakuwa nimefukiza?"

"Hapana, mama. Ndiyo nafuu yenyewe."

Kuartila aliitazama mikono yake.

"Mwanangu," alisema, "najua umekuja kwa upendo, na Mungu akulipe kwa hilo. Lakini usiandike. Ukiandika utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu, nami nitaishi ndani ya uongo huo kila siku. Siwezi."

Vitali aliondoka akifuta macho. Kesho yake askari walimchukua Kuartila pamoja na wengine wanne. Mmoja wa hao wanne alikuwa Maksimo, fundi mwashi, aliyemwacha mkewe Emerita amesimama mlangoni.

Jumapili iliyofuata, waliosalia walikusanyika tena kwa Mzee Restuto, ambaye alikuwa amerudi kutoka milimani. Gududi naye alikwenda. Mzee alimkuta kizingitini.

"Mzee wangu, nimetenda dhambi," alisema Gududi. "Nataka kurudi."

"Nimesikia, mwanangu. Lakini siwezi kukurudisha mimi peke yangu. Wenzetu wako machimboni kwa sababu ya jambo lile lile ulilolikana. Hatuwezi kuamua juu yako bila wao kusema."

"Na kama hawatarudi?"

"Hilo Mungu ndiye ajuaye."

"Basi nikae wapi?"

"Hapo nje," alisema Mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Unaweza kusikia ukiwa hapo."

Gududi akaketi nje, ukutani, karibu na mlango. Jumapili ya pili akaja tena. Na ya tatu. Miongoni mwa wale kumi na mmoja, wengine walikuja mara mbili tatu wakachoka. Wengine waliona haya wakahamia upande wa pili wa mji. Gududi aliendelea kuja. Wapagani waliopita njiani walimcheka: "Cheti unacho, mbona bado unawafuatafuata?" Wakristo walioingia ndani walimpita kama wanavyopita jiwe. Mvua ilimnyeshea hapo, jua likamchoma hapo. Siku moja mkewe alimwambia, "Mume wangu, Mungu yuko kila mahali. Kwa nini usisali hapa nyumbani?"

Gududi akamjibu, "Yuko kila mahali, ni kweli. Lakini wale ni watu wangu."

Ndani alikuwepo msomaji mpya, mtu mwema lakini mzito wa kusoma. Jumapili moja alifika kwenye neno gumu akakwama. Akajaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili. Chumba kizima kikamngoja. Ndipo sauti ya chini ikasikika kupitia dirishani, ikilitamka neno lile taratibu. Watu wote waliitambua sauti hiyo.

Emerita akainuka, akaenda dirishani, akalifunga.

Usimlaumu. Majira ya baridi ya mwaka wa pili alikuwa ameletewa habari kwamba Maksimo amekufa machimboni kwa ugonjwa wa kifua. Kila alipopita pale mlangoni alimwona mtu aliye hai, mwenye mke na watoto wake wote, na akajiuliza kwa nini.

Huko machimboni Kuartila alibeba maji na kuchambua mawe. Jiwe lilimponda kidole kimoja kikakatika. Mguu wake wa kushoto uliteguka ukapona vibaya. Wafungwa wanawake walipopata uchungu ni yeye aliyewazalisha, na hata mke wa askari mmoja alijifungulia mikononi mwake. Kulikuwa na majuma aliyoomba bila kusikia chochote moyoni, akaomba hivyo hivyo. Wafungwa wenzake walimwita shujaa wa imani, na sifa zake zikafika mpaka Tikaba.

Miaka minne ilipita. Kaisari yule akafa, na aliyemfuata akaifuta ile amri. Wafungwa wa machimboni wakafunguliwa. Kati ya wale watano wa Tikaba, waliorudi walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mgonjwa sana hata hakuweza kutoka kitandani. Kwa hiyo Jumapili ile ni Kuartila peke yake aliyekuja kanisani, akichechemea, akiwa ameshika fimbo.

Alipofika alimkuta Gududi ameketi ukutani. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Gududi alipomwona alipiga magoti.

"Umekaa hapa tangu lini?" Kuartila aliuliza.

Mzee Restuto ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Tangu mlipoondoka. Hajakosa hata Jumapili moja, isipokuwa mbili alizougua."

Kuartila alimtazama Gududi kwa muda, kisha akaingia ndani.

Baada ya sala, Mzee Restuto alisema, "Ndugu, tulikubaliana kwamba waliovumilia ndio watakaosema kuhusu walioanguka. Dada Kuartila yuko hapa. Lakini kabla hajasema, nani ana neno?"

Emerita alisimama. "Mimi ninalo. Mume wangu alikuwa na sababu zile zile za kuogopa. Alinipenda kama Gududi anavyompenda mkewe. Hakwenda sokoni. Leo amelala kwenye udongo nisioujua. Mkimrudisha huyu kana kwamba hakuna kilichotokea, nitaambiwa nini juu ya Maksimo? Kwamba alikufa bure?"

Akaketi. Mlango ulikuwa wazi, na Gududi aliyekuwa nje alisikia kila neno.

Kuartila akainuka, akaegemea fimbo yake. Watu walingoja shujaa wa imani aseme. Wengi walidhani atakataa, na walikuwa tayari kukubaliana naye.

"Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Siku ya tatu ya ile amri nilikwenda sokoni. Nilijifunika ushungi mpaka kwenye macho ili nisijulikane, nikapanga foleni. Gududi alikuwa mbele. Nilihesabu. Nilikuwa mtu wa tisa nyuma yake."

Mzee Restuto aliinua kichwa.

"Sikwenda kutazama," Kuartila aliendelea. "Nilikwenda kufukiza. Nilikuwa nimeshapanga maneno nitakayomwambia Mungu baadaye. Ningemwambia mimi ni mjane, nimezeeka, na mji unahitaji mkunga. Foleni ikasogea. Nikamwona Gududi akitupa uvumba, nikamwona akipokea cheti chake. Alitoka akazunguka nyuma ya banda la mbuzi, karibu na pale nilipokuwa nimesimama, akatapika. Kisha akaketi chini akalia. Nimewaona watu wengi wakilia kwa uchungu, hiyo ndiyo kazi yangu. Sijapata kuona kilio kama kile. Nikajiambia, siwezi kuishi na kitu kile alichonacho yule mtu sasa hivi. Nikatoka kwenye foleni, nikarudi nyumbani, nikajifungia kwa woga."

Akahamishia fimbo mkono mwingine, akaendelea.

"Hivyo ndivyo nilivyosimama imara. Angekuwa yeye nyuma na mimi mbele, leo mimi ndiye ningekuwa nje, na yeye angekuwa amesimama hapa. Machimboni waliniita shujaa, nanyi mkaniita hivyo, nikaona haya kusema ukweli, maana jina lile lilinipa joto. Nawaomba msamaha kwa hilo."

Kule nje Gududi alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Kwa miaka minne alikuwa ameamini kwamba anguko lake halikumfaa mtu yeyote, ila liliwaangusha wengine kumi.

Emerita akauliza kwa sauti nyembamba, "Na Maksimo? Yeye alikuwa kwenye foleni?"

"Hapana, dada yangu. Maksimo hakwenda. Alikuwa bora kuliko mimi, na hakufa bure. Nilikuwa naye siku zake za mwisho. Alikuwa anakutaja wewe kila saa. Na siku moja, tukiwa tumekaa juani, aliniuliza, 'Sasa hivi nani anawasomea kule nyumbani?' Nikamwambia sijui. Akasema, 'Naikosa ile sauti ya Gududi.' Alikuwa ameshasikia kwamba Gududi ameanguka. Alijua, na bado alisema hivyo."

Emerita alikaa akiwa ameinamisha kichwa. Mzee Restuto hakumharakisha. Mwishowe aliinuka, akatembea mpaka mlangoni, akasimama juu ya kizingiti.

"Gududi," alisema, "moyo wangu bado haujapoa. Sijui utapoa lini."

"Naelewa, dada."

"Lakini ingia."

Gududi akaingia. Hakukaa kwenye nafasi yake ya zamani. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mitungi. Mzee Restuto alimwekea mikono kichwani, akamwombea, na kanisa zima likaitikia. Ilichukua miezi mingi kabla hajaombwa kusoma tena, na aliyemwomba alikuwa yule msomaji mzito, aliyempa kitabu kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Wengine wanne kati ya wale kumi, waliposikia Gududi amepokelewa, nao wakaja.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Miaka miwili baadaye Kaisari mwingine alitoa amri kama ile ya kwanza.

Safari hii Gududi aliitwa siku ya kwanza kabisa. Alipofika sokoni alimkuta Vitali mezani, bado ni karani, na pembeni yake akida wa askari.

Vitali alipekua makaratasi yake. "Gududi, kwako hakuna shida," alisema kwa unafuu. "Cheti chako cha zamani kipo, na liwali amesema vya zamani vinatosha. Huna haja ya kufukiza wala kusema chochote. Rudi tu nyumbani."

Hakutakiwa hata kufungua kinywa. Angegeuka tu, angekuwa salama. Akaishika meza kwa mikono yote miwili.

"Kifute," alisema.

"Unasemaje?"

"Kile cheti, Vitali. Hukukosea ulipokiandika, maana nilifanya kweli yaliyoandikwa. Lakini leo nakirudisha. Mimi ni Mkristo."

Akatoa nakala yake kutoka kwenye mkanda, akaiweka mezani. Akida akacheka. "Mzee, wewe unaujua vizuri kuliko wote mlango wa kutokea. Kwa nini usiutumie?"

"Nilishautumia," alisema Gududi. "Huko nje ndiko nilikokaa miaka minne. Afadhali machimbo."

Wakamfunga kamba. Mkewe na mabinti zake, ambao sasa walikuwa wameolewa, walimsindikiza mpaka mwisho wa mji. Emerita alikuwa pamoja nao. Alikuwa amemletea koti zito la sufu, koti la Maksimo, kwa ajili ya baridi ya machimboni. Alimvika mabegani yeye mwenyewe na kumfunga vifungo, kwa sababu mikono yake Gududi ilikuwa imefungwa.

Watu kumi na mmoja wa kanisa lile walifukiza katika ile amri ya kwanza. Katika amri ya pili hakufukiza hata mmoja. Akida alishangaa, akamwandikia liwali kwamba haoni faida ya kuwapeleka machimboni wanawake na wazee wa kanisa zima. Barua ikakaa mezani kwa liwali, na kabla haijajibiwa, amri yenyewe ikaondolewa na wafungwa wakafunguliwa.

Gududi alirudi baada ya miezi kumi na mmoja, amekonda lakini mzima. Hakurudi peke yake. Aliongozana na wanaume saba aliokuwa akiwasimulia Maandiko kule kwenye mawe, kila siku walipopumzika kunywa maji.

Jumapili ile chumba cha Mzee Restuto hakikutosha. Walitoka wakaketi uani, juani, wakubwa kwa wadogo. Gududi alisimama akasoma. Alisoma sura ya kwanza, akaendelea na ya pili, akaingia ya tatu, mpaka watoto wakaanza kusinzia na Kuartila akanyoosha ule mguu wake mbovu. Mzee Restuto, ambaye macho yake hayakuona tena vizuri, alimgusa mkono.

"Inatosha, mwanangu. Watu wana njaa."

"Mistari miwili tu, Mzee," alisema Gududi. "Nimekaa muda mrefu bila kusoma."

Wakamwacha asome.

Funzo: Ukiwa umesimama, kumbuka jinsi ulivyokaribia kuanguka, kisha umpe mkono aliyeanguka. Na ukiwa umeanguka, rudi, uendelee kurudi hata kama mlango unachelewa kufunguliwa, kwa maana Mungu anamhesabu kuwa mwaminifu yule ambaye hakuchoka kurudi.